Bunduki ya Kumkabili Dubu: Jibu kwa Mpwa Wangu Aendaye Alaska

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kibosho, amepata nafasi ya kusomea mambo ya uvuvi katika jimbo la Alaska nchini Marekani, na sehemu ya masomo yake itamlazimu kukaa kando ya mito wakati wote wa kiangazi akihesabu samaki aina ya samoni. Swali lake la kwanza kwangu, kabla hata ya kuuliza habari za baridi, lilikuwa hili: "Mjomba, nikifika ninunue bunduki gani kwa ajili ya dubu?" Ameniuliza mimi kwa sababu ninaongoza wageni kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, na katika kazi hiyo askari mwenye bunduki hutangulia hatua chache mbele yangu tangu asubuhi hadi tunaporudi. Nilimjibu kwa simu, lakini maelezo yalikuwa marefu kuliko salio, nami najua wapo vijana wengine wa hapa Arusha na Moshi wanaokwenda kufanya kazi na masomo katika nchi zenye dubu. Basi ninaliandika jibu lote hapa.

Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, na wale waliokuwa wakiishi katika milima ya Atlas kule kaskazini walitoweka katika karne ya 19. Kwa hiyo niyasemayo kuhusu dubu nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwahoji wageni wa Alaska na Kanada ninaopanda nao Mlima Meru, ambao baadhi yao ni askari wa wanyamapori kwao na hupenda kuzungumzia kazi tukiwa mezani jioni katika kibanda cha Miriakamba, kwenye njia ya kupanda mlima huo. Nilichokiona kwa macho yangu ni mbogo anayenyanyuka kichakani karibu na njia. Hata hivyo swali la silaha halibadiliki sana, kwa sababu mambo yanayolifanya kuwa gumu ni yale yale: mnyama mzito, mwenye kasi, katika umbali mfupi, mbele ya mtu aliyeshikwa na hofu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Silaha ya kujikinga haichaguliwi kwa ukubwa wa risasi yake, bali kwa kuangalia kama aliyenayo anaweza kuitoa, kuielekeza na kuitumia sawasawa ndani ya muda wa pumzi moja au mbili. Kwa kijana ambaye hajawahi kulenga shabaha maishani mwake, silaha hiyo ni kopo la dawa ya pilipili, na bunduki ije baadaye, kama itakuja.

Kabla ya yote kuna sheria, nayo sitakaa sana hapo ingawa ndiyo inayoweza kumrudisha mtu nyumbani kabla ya muda wake. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwamo ile ya masomo, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa, na msamaha unaotumiwa zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mtu akiona silaha zinavyouzwa madukani huko anaweza kudhani kwamba jambo ni la fedha tu, lakini kwake yeye mgeni kubeba bunduki ya rafiki bila leseni hiyo ni kosa la jinai. Sisi tuliozoea Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo inamtaka mwombaji apite ngazi kadhaa kabla ya kupewa kibali, hatupaswi kushangaa kwamba na wenzetu wana mipaka yao. Tofauti ni kwamba mipaka yao haionekani mlangoni pa duka. Jambo la pili ni kwamba tangu Februari 2010 kubeba bunduki katika hifadhi za taifa za Marekani kunafuata sheria za jimbo husika, lakini ruhusa ya kubeba si ruhusa ya kufyatua. Na akivuka mpaka kuingia Kanada kwa matembezi, aiache silaha kabisa, maana bastola huko zimebanwa sana.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Dubu wanaomhusu mpwa wangu ni wa aina mbili. Yuko dubu mweusi, mdogo kidogo, mpanda miti hodari, ambaye mara nyingi huondoka akisikia sauti ya mtu. Yuko na dubu wa kahawia mwenye nundu mabegani, ambaye yule wa bara huitwa grizzly, na dume lake huwa na uzito wa kuanzia kilo 180 hadi 360 hivi, wakati yule wa kisiwa cha Kodiak na wa pwani, anayenenepa kwa samoni, anaweza kufika kilo 680. Uzito huo wa juu unakaribia wa mbogo dume tunayemwogopa hapa Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha. Kasi yake ni zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ukiigawanya utapata mita 14 kwa sekunde, na maana yake ni kwamba dubu aliyeshtuka umbali wa mita 30 anakufikia katika muda wa sekunde mbili na kitu. Hesabu hiyo ninamwomba kila anayetaka kununua silaha aifanye kwa kalamu yake mwenyewe kabla ya kufungua mkoba wa fedha.

Umbo lake nalo lina mambo yake. Mbogo anapokuja huinua pua na kukutazama, na huinamisha pembe mwishoni kabisa, kwa hiyo askari anaona shabaha yake ingawa ni ndogo. Dubu, kwa maelezo ya wale wageni wangu, huja akiwa amejikunja chini, kichwa kikipanda na kushuka kwa kila hatua, na fuvu lake limeinama kuelekea nyuma, kiasi kwamba risasi nyepesi ikigonga kwa pembe mbaya inaweza kuteleza chini ya ngozi bila kuingia ndani. Nyuma ya fuvu kuna misuli minene ya shingo na mabega, kisha mafuta, kisha manyoya. Risasi inayofaa ni ile inayopenya moja kwa moja mpaka kwenye ubongo, uti wa mgongo au mifupa ya mabega, kwa sababu dubu aliyepigwa moyoni bado ana nguvu za kutosha kumaliza safari yake mpaka ulipo. Hilo tunalijua hata kwa mbogo.

Kwa upande mwingine, na hili ndilo lililonifanya nibadilishe mawazo yangu kuhusu mnyama huyu, dubu wengi wanaokuja mbio hawaji kuua. Wanapiga mkwara. Huja kwa kishindo, husimama hatua chache mbele yako, hupuliza pumzi kwa nguvu na kugonganisha meno, kisha huondoka. Tembo jike mwenye mtoto hufanya hivyo hivyo, na kila mwongoza wageni wa hapa amewahi kusimama mbele ya masikio yaliyotandazwa akisubiri aone kama jambo ni la kweli au la. Mtu mwenye bunduki peke yake, asiye na kitu kingine cha kumfanya mnyama afikirie upya, atampiga risasi dubu ambaye angeondoka, na akimjeruhi bila kumuua atakuwa amejitengenezea hatari ambayo haikuwapo.

Hapa kwetu, kwa kazi ya kutembea na wageni mahali penye mbogo na tembo, bunduki zinazoheshimiwa ni mbili, zinazoitwa kwa namba inayotaja upana wa risasi kwa inchi: .375 ambayo imekuwapo tangu mwaka 1912, na .458 iliyotoka mwaka 1956. Risasi ya kawaida ya .375 ina uzito wa gramu 19 na nusu hivi, na ile ya .458 ina gramu 32. Kwa tembo na mbogo hutumiwa risasi ngumu isiyopanuka, kwa sababu mfupa wa kichwa cha tembo ni mnene na mzizi wa pembe za mbogo dume ni ngao kamili. Dubu hana pembe wala mfupa wa unene huo, kwa hiyo katika raifo (bunduki ndefu ya risasi) yenye nguvu, risasi inayopanuka kiasi lakini isiyovunjika vipande inatosha. Risasi ngumu yenye pua bapa inahitajika zaidi katika bastola, ambayo haina kasi ya kuisukuma risasi ndani.

Wamarekani wenyewe walilipima jambo hili. Mwaka 1983 Idara yao ya Misitu ilichapisha matokeo ya majaribio ya risasi kwa ajili ya wafanyakazi wake wa Alaska, zilizopigwa kwa umbali wa yadi 15 tu, yaani chini kidogo ya mita 14, kwa sababu huo ndio umbali ambao mtu hujitetea. Bunduki za risasi nzito, .458 na .375 zikiwamo, zilikuwa za mbele, lakini hata .30-06, bunduki ya wawindaji wa kawaida iliyokuwapo tangu mwaka 1906, ilipata nafasi ya heshima ilipotiwa risasi ya gramu 14, ambayo ni nzito kwa bunduki ya namna hiyo. Bastola zilibaki nyuma ya raifo. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu haukuuliza bunduki gani ina sifa kubwa vijiweni. Uliuliza risasi gani inabaki nzima na kuendelea mbele baada ya kugonga kitu.

Ikiwa basi kikundi cha mpwa wangu kitahitaji mlinzi wa dubu, mtu ambaye kazi yake siku nzima ni kuangalia vichaka wakati wengine wameinamia maji, huyo abebe raifo ya .375 au .30-06 yenye risasi nzito, mtutu mfupi, na lengeo la wazi lisilo na darubini, kwa kuwa darubini kwa mita 10 inaonyesha manyoya tu. Bunduki ya marisau, yaani shotigani ya chembe nyingi, nayo inafaa, na wengi Alaska huitumia, mradi imetiwa donge moja zito la gramu 28 badala ya marisau yenyewe. Ninasisitiza hilo kwa sababu huku kwetu shotigani ndiyo silaha ya shamba inayojulikana zaidi, na wengi hudhani kwamba wingi wa chembe ni wingi wa nguvu. Kwa ndege ni kweli, kwa mnyama wa kilo 300 chembe hizo zinaishia kwenye mafuta na misuli. Ubaya wa shotigani ya kuvuta kwa mkono ni kwamba mtu mwenye hofu huivuta nusu, nayo ikikwama hakuna muda wa kuikwamua.

Lakini mpwa wangu hatakuwa mlinzi. Atakuwa ndani ya mto mpaka mapajani, amevaa lile suruali la mpira linalopanda mpaka kifuani, wavu mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Raifo yake, kama angekuwa nayo, ingekuwa imeegeshwa kwenye mti ng'ambo ya maji. Wahenga walisema hamadi kibindoni, silaha mkononi, nami sijui msemo unaolingana na habari za dubu zaidi ya huo. Mwaka 2012 watafiti, akiwamo Tom Smith na Stephen Herrero, walichapisha uchambuzi wa matukio 269 ya Alaska kati ya mwaka 1883 na 2009 ambapo watu waliokutana na dubu walikuwa na silaha za moto. Bastola zilifanikiwa kumzuia dubu katika asilimia 84 ya matukio yaliyozihusu, na bunduki ndefu asilimia 76. Anayejua nguvu za risasi atashangaa, kwa kuwa bunduki ndefu ina nguvu mara kadhaa kuliko bastola. Anayejua jinsi watu wanavyobeba silaha wakiwa kazini hatashangaa sana. Bastola ilikuwa mwilini. Uchambuzi ule ule ulionyesha kwamba, kwa jumla, waliofyatua na wale waliokuwa na bunduki lakini wasifyatue hawakutofautiana katika kujeruhiwa, jambo ambalo wauza bunduki hawalitaji.

Kwa hiyo kama itafika siku ambayo ana leseni na mafunzo, na kikundi kinamtaka abebe silaha, ningemshauri bastola ya mzunguko ya .44 Magnum, iliyotoka mwaka 1955, yenye risasi ngumu ya gramu 19 au 20, au bastola ya magazini ya milimita 10 ambayo teke lake linavumilika zaidi na inabeba risasi nyingi. Zile kubwa kupita hizo mimi nisingemshauri kabisa, maana mtu aliyeumizwa mkono na bunduki yake mara moja huanza kufumba macho kila anapoifyatua. Bastola ya milimita 9, ya risasi ya gramu 8, ambayo ndiyo anayoiona kwa polisi, ni ya kujitetea na binadamu. Nayo hiyo atakayochukua aifunge kifuani, juu ya lile suruali la mpira, kwa sababu ya kiunoni itakuwa imefunikwa na haitoki.

Mafunzo ninayoyasema si ya kulenga karatasi iliyotulia. Katika mafunzo ya marudio ambayo waongozaji wa matembezi hufanyiwa, zoezi linalowavua watu majivuno ni la gurudumu. Tairi kuukuu la gari linafungwa kadibodi katikati, mbogo anachorwa juu yake kwa makaa, kisha kamba ndefu inafungwa kwenye pikipiki inayoondoka ikilivuta tairi kuelekea kwa mpigaji. Tairi halinyooki, linagonga jiwe, linaruka, linalala, linainuka tena. Mtu ambaye asubuhi alikuwa akitoboa katikati ya shabaha kwa mita 50 unamwona anasahau kutoa sefti (kizuizi cha kifyatulio), anabana kifyatulio mpaka kidole kinakuwa cheupe, halafu anaitazama bunduki kana kwamba imemsaliti. Wengine hukoki mara mbili na kuirusha chini risasi nzima ambayo haijapigwa. Wanaofaulu ni wale waliokwisha kurudia tendo lile, kushusha bunduki begani, kutoa sefti, kuegemeza kitako, mpaka mikono inalifanya bila kuuliza. Hakuna kaliba, yaani ukubwa wa risasi, inayofidia hilo, na hakuna mwanafunzi atakayelipata wiki ya kwanza ya muhula.

Ndiyo maana nasema kopo. Dawa hii si ile ndogo ya kujikinga na vibaka. Ni kopo kubwa lililotengenezwa kwa ajili ya dubu, lenye asilimia 1 hadi 2 ya kiini cha ukali wa pilipili, linalotoa wingu linalofika mita saba na nusu au zaidi, kwa sekunde kadhaa. Wingu halihitaji shabaha ya bingwa. Mwaka 2008 watafiti hao hao walichapisha matukio 83 ya Alaska kati ya mwaka 1985 na 2006, na dawa iliwaachisha dubu wa kahawia tabia yao mbaya kwa asilimia 92, na asilimia 98 ya watu waliokuwa na kopo katika kukutana kwa karibu na dubu hawakujeruhiwa. Wapo wanaopinga kulinganisha takwimu hizi na zile za bunduki, nami naona wana hoja, kwa kuwa katika matukio ya dawa walihesabiwa pia dubu waliokuja kwa udadisi tu, wakati matukio ya bunduki yalikuwa na mashambulizi mengi ya kweli. Hata ukipunguza kwa sababu hiyo, bado kopo linabaki jambo ambalo mtu asiye na mafunzo marefu anaweza kulitumia, na akikosea hajamuua mwenzake aliyesimama nyuma ya dubu.

Upepo ndio kila mtu anaouliza. Katika utafiti huo upepo uliingilia dawa katika matukio 5 kati ya 71, lakini hata hapo dawa ilimfikia mnyama. Sisi hapa tunatembea na soksi yenye majivu, tunaitikisa kila baada ya muda ili tujue upepo unapeleka wapi harufu yetu kabla mbogo hajaijua, na nimemshauri mpwa wangu aichukue tabia hiyo ilivyo, kwa sababu majivu yatamwambia pia kopo lake litamwagia nani. Asilipulizie kwenye hema wala kwenye nguo kama wafanyavyo watu kwa dawa ya mbu. Mabaki ya pilipili yaliyokauka yanamvuta dubu kuja kunusa. Aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Wala asihangaike kulinunua kabla ya safari, kwa sababu haliruhusiwi kwenye ndege za abiria, iwe mkononi au ndani ya mzigo.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu Usa River, nikamfunga kifuani kopo la dawa ya mbu kwa mkanda wa begi, nikamsimamisha chini ya mgrevilea karibu na lango. Binamu yake alikwenda na pikipiki mpaka mwanzo wa kichochoro, nikamwambia aje kwa mwendo wa kawaida wa bodaboda asiye na abiria, apite kando ya mti. Mpwa wangu alitakiwa atoe kopo, aondoe kifuniko kwa kidole gumba na kubonyeza kabla pikipiki haijafika kwenye jiwe jeupe nililoliweka mbele yake. Mwanzoni pikipiki ilikuwa imekwisha kupita na vumbi lake limetufunika, naye bado anatafuta kifuniko kiko upande gani. Dada yangu, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchicha, alicheka mpaka akaweka ungo chini, kisha akanyamaza ghafla, nadhani alipoelewa tulikuwa tunapima nini. Tuliendelea mpaka kidole gumba kikaanza kwenda chenyewe. Siku hiyo hakuniuliza tena habari ya kaliba.

Kuna kazi ambayo si ya silaha yoyote, nayo ndiyo inayofanya nyingi zisihitajike. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier huko Montana, wasichana wawili wa umri wa miaka 19 waliuawa na dubu wawili tofauti katika sehemu mbili zilizo mbali, katika hifadhi ambayo tangu ianzishwe mwaka 1910 hakuna mtu aliyekuwa ameuawa na dubu. Dubu wa eneo hilo walikuwa wamezoeshwa mabaki ya chakula na takataka za watu. Baada ya hapo utunzaji wa taka na chakula katika hifadhi za Marekani ulibadilika sana. Mpwa wangu ninamwambia kwamba samaki anayempima ni chakula cha dubu, na mavazi yake yatanuka chakula cha dubu. Kwa hiyo apike mbali na anapolala, chakula na dawa ya meno vikae ndani ya chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu, na kama kikundi kina uzio wa umeme wa kubebeka wauzungushe kambi kila usiku hata wakichoka. Akitembea kando ya mto, ambako maji yanameza sauti ya miguu, azungumze kwa nguvu au apige makofi kwenye kila kona. Hapo tunatofautiana na wao: sisi tunatembea kimya ili tumwone mbogo kabla hajatuona, wao wanapiga kelele ili dubu asishtuke. Akiona mzoga, au kunguru wamejaa mahali pamoja, ageuke alikotoka bila kwenda kutazama.

Na ikitokea bunduki ikatumika, mambo hayaishii hapo. Alaska inaruhusu kumuua dubu kwa kulinda maisha, lakini mnyama huyo si wako: unatakiwa kumchuna, kukabidhi ngozi pamoja na kucha na fuvu lake kwa idara ya wanyamapori, na kuwasilisha maelezo ya maandishi ndani ya siku 15. Wataangalia kama ulikuwa umeacha chakula ovyo, maana aliyemvuta dubu kwa uzembe wake hana utetezi huo. Kumchuna dubu mkubwa kando ya mto, ukiwa bado unatetemeka na hujui kama yuko mwingine karibu, ni kazi ya saa nyingi, na mgeni mmoja aliyewahi kuifanya aliniambia kwamba tangu siku hiyo hutoa kopo kwanza ingawa bastola yake iko kifuani.

Kwa hiyo akishuka Fairbanks, mji wa huko Alaska, mpwa wangu atanunua makopo mawili, moja la kubeba na moja la kubaki kambini, pamoja na lile la mazoezi ambalo halina pilipili ndani. Bei yake hailingani hata kidogo na ya bastola. Kabla hajapanda mashua ya kwanza amuulize mkuu wa kikundi chao nani anabeba bunduki na ya aina gani, amefanya mazoezi lini mara ya mwisho, kila mtu asimame wapi huyo akishusha bunduki begani, na simu ya setilaiti iko kwenye begi la nani. Akijibiwa kwamba bunduki ipo lakini hubaki kwenye mashua, anipigie.